Jumapili Kumi na Saba za Theluji

Torunn alijua kuwa Sjur ameondoka kabla hajafumbua macho vizuri. Ile nyumba yao ya mbao kule mlimani haikuwa na siri. Mtu akijigeuza kitandani anasikika nyumba nzima. Akikohoa jikoni, aliyeko darini anamuuliza kama ameshikwa na mafua. Asubuhi ile ya Ijumaa Kuu, chini alikolala Sjur, aliyekuja kukaa nao Pasaka, palikuwa kimya kabisa.

Alishuka ngazi bila soksi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na blanketi limekunjwa pembe kwa pembe, kama la mgeni asiyetaka kuacha alama. Ukumbini, ambapo jozi nne za skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa zimeegemezwa ukutani jana jioni, zilibaki tatu. Akafungua mlango. Gari la Baba lilikuwa palepale, vioo vimeganda barafu. Kutoka kizingitini mistari miwili ya skii ilikuwa imekata theluji ngumu ya alfajiri, ikapenya katikati ya misonobari, ikaelekea magharibi mlimani. Huko ng'ambo, mwendo wa kilomita ishirini na nane, kulikuwa na stesheni ya Evenås. Treni ya kwenda kaskazini ilipita hapo saa kumi kasorobo alasiri.

Alimpigia simu. Imezimwa. Akapiga tena, mara nne, tano, huku baridi ya sakafu ikimpanda magotini.

Sjur alikuwa shemeji yake. Alikuwa mume wa Ingvild, dada yake mkubwa, aliyefariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi yaliyomla miezi saba, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Baada ya mazishi Sjur alijifungia. Alikuwa fundi seremala, tena fundi hodari, lakini aliacha madirisha ya watu nusu na milango nusu, akawa mtu wa kukaa jikoni kwake akitazama ukuta. Mwaka wa kwanza watu walisema ni msiba, utapita. Mwaka wa pili hawakusema kitu. Mwanzoni mwa Desemba, theluji ya kwanza ilipokaa, Mama Gudveig, mama yao Torunn na Ingvild, ndiye mwenyewe aliyemwita Torunn akamwomba, kwa machozi, aende akamtoe yule mtu nje walau siku za Jumapili, maana akiachwa hivyo atamfuata mkewe.

Torunn akaenda. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafundisha watoto wa darasa la kwanza, na skii alizijua tangu hajaota meno ya mbele. Jumapili ya kwanza Sjur alitangulia mbele kilomita kumi na mbili bila kugeuka. Maneno aliyosema yalikuwa mawili: "Njia nzuri." Jumapili ya tatu baridi ilifika nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, kope za Torunn zikaganda nyeupe, na walipofika juu Sjur akamtazama, akacheka. Kicheko kilikuwa kimekauka kama mlango wa ghala lililofungwa siku nyingi, lakini kilikuwa kicheko. Torunn alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha asiyoijua jina.

Januari walikwenda bila kuongea, wakisikiliza tu skii zao zikisugua theluji kavu, mguu kwa mguu, pumzi kwa pumzi, mpaka mwili unaingia katika mwendo na kichwa kinatulia. Februari jua lilirudi mlimani. Wakawa wanachimba shimo dogo mahali pasipo na upepo, wanatandika ngozi ya kukalia, wanakula machungwa na mkate wenye jibini ya kahawia, nyuso zimeelekea juani, miguu imechoka uchovu mtamu. Sjur akaanza kusimulia. Akaanza kumalizia milango ya watu. Bondeni wakamsifu Torunn kwamba amefanya kazi ya Mungu.

Jumapili ya kumi na moja Torunn alipoteza glavu kwenye mteremko, na upepo ukazidi. Sjur alimshika mkono, akafungua koti lake, akaviingiza vidole vya Torunn chini ya sweta lake, vikakaa kwenye ngozi ya tumbo lake mpaka vikapata joto. Vilipopata joto hakuvitoa. Torunn naye hakuvitoa. Walisimama hivyo, kila mmoja anatazama mlima, hakuna anayethubutu kumtazama mwenzake. Jumapili iliyofuata walibusiana, na kutoka hapo Torunn hakuwa tena na Jumatatu wala Jumanne. Alikuwa na siku sita za kungoja na moja ya kuishi.

Jana ndipo Mama alipoona. Walikuwa wametoka njiani, kamba za viatu vya Torunn zimeganda, na Sjur akapiga magoti kwenye kizingiti kuzifungua. Alimvua kiatu, akaubana ule mguu baridi kifuani kwake kwa mikono miwili, akainua uso. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya supu. Alisubiri mpaka watu wanne wamekaa mezani, akamwambia Sjur kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi kwamba amempenda kama mwana wa kumzaa, na kwamba sasa anamwomba jambo moja tu, amwachie binti aliyebaki. Sjur aliweka uma chini, akasema amesikia. Torunn alingoja aongeze neno. Hakuongeza.

Na sasa alikuwa ameondoka.

Jikoni Mama alikuwa ameshaamka, anamenya machungwa kama kila Ijumaa Kuu, maganda yamepangwa juu ya gazeti. Hakugeuka Torunn alipoingia.

"Nipe ufunguo wa gari, Mama."

"Ninao mimi." Mama aligusa mfuko wa aproni yake. "Na hautoki."

"Ulimsikia akiondoka?"

"Nilimsikia. Saa kumi na moja. Alisimama hapo ukumbini muda mrefu, nikadhani atabadili nia. Namshukuru hakubadili."

Torunn alikaa kwenye kiti cha karibu. Akasema wewe ndiye uliyenituma, Mama. Ulinishika mikono miwili hapa hapa ukaniambia nikamtoe nje.

"Nilikutuma ukamtembeze," Mama akasema. "Sikukutuma ukamchukue."

"Sikumchukua kwa mtu. Ingvild amekufa."

Kisu kilisimama. Mama Gudveig alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubeba kuni, lakini alipogeuka alionekana mdogo ndani ya sweta lake.

"Kwako wewe amekufa," alisema. "Mimi bado namsikia. Wewe ukicheka chumba cha pili, moyo wangu unaruka, nasema huyo anakuja. Mnacheka sauti moja, hujui? Kila siku nanyanyuka kitini, kila siku nakaa tena. Na sasa unataka nikuone umekaa pale alipokaa yeye, na mtu yule yule, kwenye nyumba ile ile, chini ya mapazia aliyoyashona kwa mkono wake. Niambie nitapitisha wapi macho yangu."

Torunn alitaka kumkumbatia mama yake na alitaka kumsukuma, vyote kwa wakati mmoja, na mikono ikabaki mapajani.

"Ukimfuata leo," Mama akasema polepole, "nitakuwa nimezika wawili."

Alipotoka jikoni akilia, alimkuta Baba yake, Peder, amekaa kwenye benchi la ukumbini, skii za Torunn zimelala magotini pake. Alikuwa anazipaka nta. Mzee huyo hakuwa msemaji. Miaka miwili hii alikuwa amezidi kunyamaza hata majirani wakaacha kumsalimu kwa maneno, wanainua mkono tu. Alisugua nta kwa kizibo mpaka mbao zikang'aa, akampa. Alimwambia theluji ya asubuhi ni ngumu itamchukua vizuri, ila saa tano jua likipanda itaanza kunata, hivyo asipumzike kabla ya hapo. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni nyuma yake.

Ilikuwa saa tatu. Sjur alikuwa mbele yake kwa saa nne.

Mwanzoni Torunn aliruka kama ndege. Theluji ilikuwa na ganda juu, skii zinateleza zenyewe, fimbo zinagonga kavu, na ile mistari miwili ya Sjur ilikuwa mbele yake dhahiri kama imeandikwa. Alikanyaga ndani yake. Ilikuwa njia yao. Pale kwenye mwamba uliopasuka ndipo walipokunywa kahawa kwenye dhoruba ya Januari. Pale penye msonobari uliolala ndipo Sjur alipomfundisha kusikiliza mlio wa theluji na kujua itakuwaje kesho. Majira yote ya baridi alikuwa amepita hapa akiwa na raha inayomjaa mpaka kooni, na leo miguu ilikuwa inafanya mwendo ule ule, mikono mwendo ule ule, lakini ndani ya kifua palikuwa panawaka moto. Alikuwa anajisemea kwa kila hatua: asifike, asifike, treni iharibike, asifike.

Saa tano, kama Baba alivyosema, theluji ililegea. Kwanza ilishika kidogo. Kisha ikaanza kujikusanya chini ya skii mabonge mazito, kila mguu ukawa na kilo mbili, kilo tatu. Alisimama, akakwangua kwa kisu, akaenda hatua hamsini, ikashika tena. Akakwangua tena. Alivua skii akazibeba begani, akazama mpaka magotini, maji ya barafu yakaingia viatuni. Akazivaa tena. Alianguka, akainuka, akaanguka. Kiganja cha kulia kilichubuka ndani ya glavu. Alijikuta anaitukana theluji kwa sauti, matusi ambayo angemfukuzia mtoto darasani, na akilia, na akiendelea.

Kwenye kibanda cha njia panda, mzee mmoja na mkewe walikuwa wamekaa wanaota jua, mashati wazi. Torunn aliwauliza kama wamemwona mwanamume mrefu mwenye mkoba wa kijivu. Mke akasema wamemwona, amepita mara tatu.

"Mara tatu?"

"Alikwenda," mzee akasema, "akarudi mpaka hapa, akasimama, akaenda tena. Tukasema huyu kasahau kitu."

Torunn hakungoja kuambiwa zaidi.

Alimkuta saa saba na nusu, ng'ambo ya ziwa lililoganda, amekaa juu ya mkoba wake. Skii zake zilikuwa zimechomekwa wima kwenye theluji. Hakuwa anakula wala kunywa. Alimwona Torunn akivuka ziwa zima, mwendo wa robo saa, na hakuinuka kumlaki wala kumkimbia. Alipomfikia, Torunn alikuwa hana pumzi hata ya kusema. Alisimama mbele yake, mate yamekauka, nywele zimeganda shavuni.

"Nimekaa hapa tangu saa nne," Sjur alisema. "Siwezi kwenda, siwezi kurudi."

"Umeniacha bila hata neno."

"Niliandika barua. Tatu. Nikazichoma zote jikoni."

"Mama alikwambia uondoke, ukaondoka. Kama mtoto aliyetumwa dukani. Mimi nimekaa pale mezani nangoja useme neno moja tu, Sjur, moja, kwamba unanipenda au hunipendi. Ukasema umesikia."

Sjur alivua kofia, akaiviringisha mikononi. Alikuwa na uso mwembamba, macho ya maji ya mto, na mchana huo alionekana ana miaka hamsini.

"Siondoki kwa ajili ya mama yako," alisema.

"Kwa ajili ya nini basi?"

Alisema kwamba wiki iliyopita, ile Jumapili ya kumi na saba, pale kwenye mteremko wa mwisho, Torunn alipoanguka kwenye theluji laini akabaki chini anacheka, yeye alimpa mkono kumwinua. "Nikakuita," alisema. "Nikakuita Ingvild. Hukusikia."

Torunn alitazama ziwa. Mistari yake ilikuwa imekata katikati, imepinda hapa na pale kama ya mlevi.

"Nilisikia," alisema.

Sjur aliinua kichwa.

"Nilisikia vizuri sana. Nikaendelea kucheka ili usijue nimesikia. Nikasema moyoni si kitu, ulimi umeteleza, wiki ijayo ataniita jina langu. Nikaenda nyumbani, nikakaa bafuni na maji yanamwagika ili mtu asinisikie." Alijifuta pua kwa nyuma ya glavu. "Kwa hiyo usiniambie kitu nisichokijua. Nimekijua, na bado nimekuja."

"Ndiyo maana naondoka," Sjur akasema. "Kwa sababu ungeendelea kuja. Ungevumilia kila kitu, na mimi ningekuacha uvumilie."

"Ukinitazama unamwona nani?"

"Torunn."

"Nijibu. Nimekuja kilomita kumi na tisa na mikono yangu inatoka damu. Ukinitazama, unamwona nani?"

Sjur alimtazama. Alimtazama kweli, hakukwepa, na Torunn aliyaachia macho yale yampite uso mzima, paji, mdomo, shingo, huku akihisi kama mtu anayengoja hukumu.

"Hapa juu nakuona wewe," Sjur alisema hatimaye. "Naapa. Ingvild hakuwahi kufika kwenye ziwa hili. Unajua mwenyewe alivyochukia skii, alikuwa anabaki ndani na kitabu na moto wake. Kwenye mlima huu sikuwahi kuwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Kila ninachokijua hapa ni chako. Jinsi unavyokula chungwa na maganda yake. Jinsi unavyoziimbia skii ukidhani sikusikii. Hiyo ni yako, na naipenda mpaka inaniuma." Akasimama, akaanza kutembea hatua mbili mbele, mbili nyuma. "Lakini theluji inaisha. Wiki mbili, tatu, hapa patakuwa maji matupu. Tutashuka bondeni. Utaingia nyumbani kwangu, utapita mlango niliomjengea yeye, utacheka jikoni, na mimi nitageuka. Nitageuka kumwangalia nani? Sijui. Nakwambia kweli, sijui, na naogopa. Naogopa siku utakayoona usoni kwangu kwamba nilimtarajia mtu mwingine."

Torunn alikuwa amejiandaa njia nzima kwa ajili ya mama yake. Alikuwa na maneno tayari juu ya mama yake, juu ya watu wa bondeni na midomo yao, juu ya haki ya walio hai. Hakuwa na hata neno moja kwa ajili ya hili. Alimsogelea akaegemeza paji la uso kifuani pake. Sjur alimkumbatia kwa nguvu hata mifupa ikalia, na Torunn akasikia moyo wake ukipiga chini ya sweta lile lile lililowahi kumpa joto vidole, na akajua kwamba anampenda kuliko alivyowahi kupenda kitu, na kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua kama yeye ndiye anayependwa.

"Twende kaskazini wote," alisema bila kuinua uso. "Nichukue hivi nilivyo. Sina hata mswaki. Huko hakuna mapazia yake."

"Na mama yako?"

Torunn akainua uso, akatazama nyuma njia aliyokujia.

"Unaona," Sjur alisema taratibu. "Hata wewe huwezi."

Zilibaki kilomita tisa za kuteremka. Waliteremka pamoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake pale. Theluji ya upande ule, iliyokuwa kivulini, iliwachukua kwa kasi, na kwa dakika chache, Mungu awasamehe, walisahau. Sjur alikata kona mbele, Torunn nyuma yake, magoti yamekunjwa, upepo unawapiga machoni, skii zinaimba. Alimsikia Sjur akipiga ukelele wa furaha kama kila Jumapili, na yeye akajibu. Kisha miti ikaanza, theluji ikawa ya kijivu, ikawa na majani makavu, ikawa viraka. Kilomita tatu kabla ya stesheni iliisha kabisa. Walivua skii wakazifunga kwa kamba, wakatembea kwenye barabara ya matope na viatu visivyofaa kwa matope, magari yakiwapita. Torunn alimwona Sjur akimwibia macho, akitazama tena haraka pembeni. Hakujua anatafuta nini usoni kwake. Hakuuliza.

Stesheni haikuwa na mtu isipokuwa mama mmoja na mbwa wake. Saa ya ukutani ilisema imebaki dakika nane. Sjur alimwambia kuna rafiki yake anajenga nyumba pwani ya kaskazini, amemwomba msaada tangu mwaka jana. Atakaa huko, hajui mpaka lini. Alisema labda Desemba, theluji ikirudi, kama Torunn bado atapenda, wangeweza kuonana tena mlimani, kwa taratibu, na—

"Usirudi Desemba," Torunn alisema.

Sjur alimgeukia.

"Ukirudi Desemba nitavaa skii na kukimbilia kwako, na tutakuwa na raha, na mwezi wa nne tutakuwa hapa hapa tena. Sitaki. Rudi Julai. Rudi nyasi zikiwa zimefika magotini na nzi wamejaa jikoni. Uje nyumbani kwa mama yangu, mchana, ukae mezani, unitazame nikimenya viazi. Nicheke mbele yako. Kisha uniambie umemwona nani."

Treni ilikuwa imeshaonekana kwenye kona ya mto.

"Na nisiporudi?"

"Usiporudi nitajua ulikuwa unamtazama nani."

Alisema hayo kwa sauti iliyonyooka, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na alishangaa mwenyewe inatoka wapi. Sjur alimshika uso kwa mikono miwili yenye matope, akambusu, si kwa haraka, huku mlango wa treni umefunguka nyuma yake na mama mwenye mbwa amegeukia upande wa pili kwa adabu. Kisha akapanda. Hakuahidi. Torunn alingoja ahadi mpaka mlango ulipofungwa, na hata baada ya hapo, treni ikiwa imeshapinda, alikuwa bado anaingoja.

Alipiga simu nyumbani saa kumi. Baba ndiye aliyepokea. Torunn alisema yuko Evenås, akashindwa kuendelea, na Baba akasema kaa ndani ya stesheni, usikae kwenye upepo.

Kwa barabara, kuuzunguka mlima, ni mwendo wa saa tatu. Gari lilifika jua likiwa bado juu ya misitu. Baba alikuwa kwenye usukani. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, ingawa kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Torunn alifunga skii juu ya paa pamoja na baba yake, akasimama kidogo kati ya milango miwili, kisha akafungua wa nyuma akaingia.

Walikwenda mpaka daraja la kwanza. Mama alikuwa anatazama nje, mikono imefumbatana.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Mama akaitikia kwa kichwa. Torunn alitaka kumwona amefurahi, ili amchukie, lakini hakufurahi. Macho yake yalikuwa yamevimba; alikuwa amelia muda mrefu, na tangu asubuhi hakuwa amebadili hata aproni.

"Nimemwambia aje Julai," Torunn alisema. "Nyumbani. Mezani kwetu. Sijui kama atakuja. Akija, Mama, utamfungulia?"

Baba alipunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa wazi. Mama alichukua mkono wa kulia wa Torunn, akauvua glavu polepole, maana damu ilikuwa imegandisha sufu kwenye ngozi. Alikitazama kile kiganja kilichochunika, akakipangusa kwa pindo la aproni, akakipangusa tena, kana kwamba ni cha mtoto aliyeanguka uwanjani.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sitaki kukudanganya. Sijui kama nitaweza."

Torunn akalala mapajani kwa mama yake kama alivyokuwa akifanya utotoni gari likitoka mlimani, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujizuia. Mama hakumnyamazisha. Aliweka mkono juu ya kichwa chake akauacha hapo, na walipofika nyumbani ulikuwa bado hapo.